Shangazi, niendelee kuomba feloshipu za bahari au nikawe karani wa korosho?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 26, naishi Mikindani na mama yangu. Nilisoma shahada ya kwanza ya sayansi za majini na uvuvi Dar es Salaam, nikamaliza salama, nikarudi nyumbani kusubiri ajira. Kila tangazo la afisa uvuvi likitoka kwenye Ajira Portal naomba. Niliwahi kuitwa kwenye usaili wa kuandika, lakini jina langu halikutoka.

Usiku, bando likiwepo, natafuta feloshipu za mambo ya pwani na ustahimilivu wake. Hiki ndicho kitu ninachokipenda kutoka moyoni. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024 nilikuwa hapa nyumbani. Barabara ya Dar ilikatika upande wa Kilwa, mabasi yakakwama, na wavuvi wa mtaani kwetu walikuwa wananiuliza mimi kama bahari itatulia lini, kwa sababu wanajua nimesoma bahari. Niliwajibu nilichosikia redioni. Tangu siku hiyo nataka kuwa mtu anayeweza kuwajibu kwa elimu yake.

Feloshipu ninazozipata nyingi ni za Marekani. Naandika barua nzuri, natuma, halafu kimya, au naambiwa sina sifa. Sasa kuna mtu kwenye kundi la WhatsApp anasema ana nafasi ya feloshipu ya pwani nchini Canada, anataka shilingi 300,000 za kushughulikia fomu, mwisho Ijumaa. Mama yuko tayari kuzitoa. Mama yangu ananunua pweza kwa wavuvi, anapima, anakaanga na kuuza, na hiyo ndiyo akiba yake yote.

Upande mwingine kuna mjomba. Shangazi, wewe unajua kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Amenitafutia kazi ya ukarani kwenye chama cha msingi cha ushirika, nianze msimu wa korosho. Anasema nimekaa vya kutosha nikiangalia simu. Wenzangu niliosoma nao wanasema nikiingia kwenye korosho nimeizika digrii yangu. Nimechanganyikiwa. Je, niendelee kuomba? Nimpe huyu mtu pesa? Na mjomba nimjibu nini?

Binti wa Mikindani

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na Ijumaa, maana ndiyo inayonitia hofu. Usimpe huyo mtu chochote, na mama umwambie leo hii asitoe hata shilingi. Feloshipu ni pesa inayotoka kwa mfadhili kwenda kwa msomi, na hakuna mtu wa katikati aliyepewa nafasi za kugawa kwenye WhatsApp. Chevening ya Uingereza haitozi ada ya maombi, na skolashipu za Jumuiya ya Madola hazitozi. Vipo vyuo vya nje vinavyotoza ada ya kupokea maombi, lakini ada hiyo hulipwa kwa chuo chenyewe kupitia tovuti yake. Haitumwi kwenye namba ya simu ya mtu. Na hiyo haraka ya Ijumaa amekuwekea makusudi, usipate nafasi ya kuuliza.

Kama pesa hiyo ipo kweli na mama ameridhia kuitumia kwa ajili yako, shilingi 150,000 ni ada ya pasipoti pale Uhamiaji. Hiyo ni hati utakayoihitaji siku yoyote mlango utakapofunguka, na kuna watu wamepoteza nafasi kwa sababu barua ya kukubaliwa ilifika wakiwa hawana pasipoti. Inayobaki irudi kwenye biashara ya pweza.

Sasa hizo za Marekani. Usijilaumu kwa kutojibiwa. Feloshipu ya Knauss, ambayo bila shaka umekutana nayo kwa kuwa inatangazwa sana, ipo tangu mwaka 1979 na inawapeleka wahitimu Washington kwa mwaka mmoja, wafanye kazi kwenye ofisi za serikali na za Bunge zinazoshughulikia bahari. Ni nzuri mno, lakini inamtaka mtu anayesoma shahada ya juu kwenye chuo cha Marekani. Ile ya Margaret Davidson nayo ni ya wanafunzi wa shahada za juu wa huko huko, wanaofanya utafiti kwenye maeneo ya hifadhi ya maingilio ya mito ya nchi hiyo. Ungeandika barua tamu kuliko zote, bado ungekuwa nje ya mlango. Kuanzia sasa, ukifungua tangazo nenda moja kwa moja kwenye kipengele cha sifa za mwombaji. Uraia gani, shahada gani, umeajiriwa au hujaajiriwa, umejiandikisha chuo gani. Ukikosa hata kimoja kati ya hivyo, funga ukurasa na utunze bando lako.

Lakini sitaki nikuache na habari za milango iliyofungwa tu, kwa sababu barua yako ina jambo kubwa ambalo umelipita kwa sentensi moja. Mama yako ananunua pweza kwa wavuvi na anawapima.

Mwanangu, unajua wanafunzi wa uzamili wanavyohangaika kupata mtu wa namna hiyo? Wanatoka mbali, wanafika na fomu zao, wavuvi wanawatazama kwa mashaka, wanakaa bamvua, yaani siku za maji kupwa sana, mbili tatu halafu wanaondoka na takwimu za msimu mmoja. Wewe mizani ipo nyumbani. Wavuvi wanakujua tangu ukiwa mdogo na wanakuuliza habari za bahari. Ukianza daftari bamvua ijayo, mwakani wakati kama huu utakuwa na mwaka mzima wa takwimu za pweza wa Mikindani, kusi na kaskazi, na hicho ni kitu ambacho mwombaji mwenzako wa Nairobi au Cape Town hawezi kukinunua.

Liandike hivi. Tarehe, na ni siku ya ngapi ya bamvua. Mwamba waliotoka, kwa jina wanalolitumia wao. Wavuvi wangapi walikwenda, na walikaa majini saa ngapi. Hili la wavuvi na saa usiliache, kwani kilo peke yake hazisemi lolote: kilo 20 za watu 4 na kilo 20 za watu 12 ni habari mbili tofauti kabisa kuhusu hali ya mwamba. Kisha uzito wa kila pweza, dume au jike. Chuoni walikufundisha kutazama mkono wa tatu wa kulia wa pweza ili kujua jinsia yake. Sasa ndiyo wakati wa kuutumia ujuzi huo. Na uhesabu wangapi wako chini ya gramu 500, kiwango ambacho kanuni za uvuvi za nchi yetu zinakataza kuvua chini yake.

Kwa sababu ya hilo la mwisho, majina ya wavuvi usiyaandike. Watu wakihisi kwamba daftari lako litawafikisha kwenye faini, watapeleka pweza kwa mnunuzi mwingine, na mama yako ndiye atakayeumia. Kabla hujaandika mstari wa kwanza, nenda kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za ufukwe, na kwa afisa uvuvi wa Manispaa ya Mtwara Mikindani, uwaeleze unachotaka kufanya na kwa nini. Ukitaka kazi hii iwe utafiti rasmi wa kuchapishwa utahitaji kibali, na vibali vya utafiti hupitia chuo au COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na ukiingia eneo la hifadhi ya bahari kuna ruhusa ya hifadhi pia. Ndiyo maana utahitaji mwalimu wa chuo akushike mkono, nitalirudia hilo.

Na wavuvi uwarudishie majibu. Kila baada ya miezi kadhaa kaa nao uwasomee walichovua. Pweza anakua upesi sana, na jike hutaga mara moja tu kisha hufa baada ya mayai kuanguliwa, kwa hiyo kuufunga mwamba hata kwa miezi michache huonekana kwenye mizani. Kisiwa Panza, Pemba, wanakijiji wamefanya hivyo wenyewe. Siku wavuvi wa kwenu watakapoanza kubishana kama nao wafunge mwamba mmoja, wakiwa na namba zako mkononi, huo ndio ustahimilivu wa pwani unaoutafuta usiku kwenye simu.

Usidhani pia kwamba pwani yetu ni kona iliyosahaulika ambayo wafadhili hawaijui. Mkondo wa Ikweta wa Kusini, unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, unaigonga Afrika karibu na hapa kwetu, kisha unagawanyika, tawi moja likipanda kaskazini kwenda Mafia, Unguja na Kenya na jingine likishuka Msumbiji. Mayai na vichanga vya samaki na matumbawe husafiri na maji hayo. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye kilomita za mraba kama 650, ilianzishwa mwaka 2000, na moja ya sababu zinazotajwa kuipa uzito ni mkondo huo. Ndani yake kuna mikoko, nyasi bahari, matumbawe, vijiji, na visima vya gesi. Uhusiano wa hifadhi na wanavijiji haukuwa mwepesi tangu mwanzo, na anayeweza kukaa na pande zote mbili akaaminika ana kazi ya maisha mbele yake. Na vimbunga navyo si hadithi za wenzetu wa Msumbiji tu: Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952, Kenneth kikapita kusini ya Ruvuma Aprili 2019, kisha hicho Hidaya ulichokiona.

Sasa mjomba.

Kubali kazi. Najua wenzako watasema umeshindwa, lakini wao hawalipi bando lako. Mjomba hakukuudhi, amekuona unakaa, ameguswa, ametumia heshima yake kukutafutia nafasi. Kijana mwenye kipato kidogo chake huomba skolashipu kwa utulivu, na asiye na kitu humsikiliza mtu wa laki tatu.

Na mimi naona zaidi ya mshahara. Chama cha msingi ni mizani, ni daftari, ni stakabadhi ghalani, ni mnada, ni mkulima anayetaka kujua kwa nini kilo zake zimepungua. Utajifunza kutunza kumbukumbu ambazo watu wanazigombania, na huo ni ujuzi wa utafiti. Halafu kuna hili: nyumba ngapi za kwenu zinaishi kwa bahari peke yake? Mtu yuleyule ana mikorosho yake Naliendele au Mayanga, na bamvua ikifika anashuka miambani. Kuanzia Oktoba, pesa ya korosho ikiingia, je, watu wanapumzika kuvua pweza? Na msimu ukiwa mbaya au malipo yakichelewa, mwamba unalipa gharama hiyo? Hilo ni swali zito la ustahimilivu, linagusa hali ya hewa, soko, na bahari kwa pamoja, na wewe utakuwa umekaa upande wa ghala na upande wa mwamba kwa wakati mmoja. Tumia bei za mnada zinazotangazwa hadharani. Kumbukumbu za mwanachama mmoja mmoja ni siri za chama, usizitoe.

Mweleze mjomba mapema, kwa adabu, akiwa ametulia. Mwambie: "Mjomba, nashukuru, nitaifanya kazi hii kwa moyo msimu wote. Naomba tu siku za bamvua zinazoangukia Jumamosi na Jumapili uniache pwani na mama, na jioni nisome." Siku za kazi, maji ya bamvua hupwa saa nne au saa tano asubuhi na wewe utakuwa ofisini, kwa hiyo mfundishe mama au mdogo wako kuandika. Mama anayejua kupima kwa ajili ya bei anaweza kupima kwa ajili ya daftari.

Turudi kwenye nafasi zenyewe, nikupe zile zinazomhusu mtu kama wewe, kwa mpangilio ambao mimi ningeufuata.

Karibu kabisa na kwenu kuna kampasi ya FETA, Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, hapo hapo Mikindani. Nenda ukajitambulishe, uulize kama wanapokea wa kujitolea kwenye mafunzo ya vitendo. Fanya hivyo pia ofisi ya hifadhi, na ya TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, ukipata safari ya Dar. Cheti cha kujitolea kilichosainiwa na msimamizi kinasomwa kwa makini na wafadhili. Sambamba na hilo, jiandikishe kwenye OceanTeacher, mafunzo mafupi ya Tume ya Bahari ya UNESCO, ambayo yana kituo cha ukanda wetu Mombasa. Mengi yako mtandaoni bila malipo: takwimu za bahari, ramani, kupanda kwa usawa wa bahari. Soma moja, limalize, pata cheti, kisha lingine.

Kisha WIOMSA. Hiki ni chama cha wanasayansi wa bahari wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, kilianzishwa 1993 na makao yake ni Zanzibar. Hutoa ruzuku ndogo za utafiti ziitwazo MARG kwa wanasayansi wa ukanda huu, nyingine zikiwa za kumwezesha mtu kwenda kwenye mkutano kuwasilisha kazi yake. Chama hicho pia kina mtandao wa wanawake wa sayansi ya bahari. Wewe unaomba Washington, na chama kilichoundwa kwa ajili ya watu kama wewe kiko Unguja.

Kuhusu shahada ya uzamili nina msimamo wangu, nao ni kwamba usiidharau ya nyumbani. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo Zanzibar tangu 1978, na ukisoma pale, utafiti wako utaufanyia ghuba yako. Ukitaka nje, tazama Ubelgiji, kwenye shahada ya Oceans & Lakes inayoendeshwa na vyuo vya Brussels, Ghent na Antwerp, ambayo skolashipu za VLIR-UOS zimekuwa zikiwapokea watu wa nchi kama yetu. Tazama Erasmus Mundus, hasa WACOMA inayohusu usimamizi wa maji na pwani, ambapo mwanafunzi husoma Hispania, Ureno na Italia. Tazama skolashipu za Jumuiya ya Madola. Chevening inataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na kujitolea kunahesabiwa. Anza kuandika saa zako tangu wiki ya kwanza ya ukarani. Inataka pia urudi nyumbani ukae miaka 2 baada ya masomo, sharti ambalo kwako sioni kama ni mzigo. Nyingi ya hizi hufungua dirisha kati ya Agosti na Januari, yaani katikati ya msimu wa korosho, kwa hiyo barua zako ziandike kusi, mapema, ukiwa na nafasi.

Ajira Portal usiiache. Nafasi ya afisa uvuvi ina faida usiyoiona kwenye tangazo: zipo feloshipu za waajiriwa tu. Programu ya mafunzo ya uvuvi ya GRÓ kule Iceland huwachukua watumishi wa taasisi za uvuvi kwa miezi 6, kwa pendekezo la mwajiri, gharama zote juu yao. Leo huwezi kuiomba. Siku ukiwa mtumishi, iwe ya kwanza kuuliza.

Nimalize na mwalimu wa chuo, kwa sababu nafasi nyingi nilizotaja zinahitaji barua za wadhamini. Walimu wamefundisha mamia ya wanafunzi na hawakumbuki majina. Usimwandikie kusema unatafuta msaada wowote wa feloshipu. Baada ya bamvua kama sita za daftari, mwandikie aliyekufundisha biolojia ya uvuvi au aliyekusimamia mradi wa mwaka wa mwisho. Sentensi ya kwanza iwe jina lako na mwaka uliomaliza. Ya pili, kwamba unakusanya takwimu za pweza Mikindani kwa idhini ya BMU. Ya tatu, jambo moja ulilolikuta, lenye namba. Ya nne, swali moja la kitaalamu ambalo yeye anaweza kulijibu. Ambatanisha ukurasa mmoja wa jedwali, usiambatanishe wasifu wa kurasa nane. Asipojibu, baada ya wiki mbili mkumbushe kwa upole, na akinyamaza tena mwandikie mwingine. Atakayejibu ndiye atakayekusaidia kwenye kibali, kwenye ombi la MARG, na kwenye barua ya udhamini, kwa kuwa atakuwa na kitu halisi cha kuandika juu yako.

Bamvua ijayo iangalie kwenye kalenda leo, ununue daftari lenye jalada gumu, maana mkono wa mwuza pweza hauwi mkavu.